Ofu Zangu Nazimalizia Mafinga

Mpenzi msomaji, hebu niambie ukweli: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kupumzika siku moja ilikuwa lini? Siongelei Krismasi mkiwa na ndugu kumi na wawili sebuleni. Naongelea siku ya kawaida tu, mko wawili nyumbani, simu zimelala, hakuna anayekwenda popote. Mimi na mume wangu kuna kipindi tulikaa miezi mitano bila kuipata siku hiyo hata moja.

Sababu ni kazi. Mimi niko kwenye bustani ya michezo ya maji jijini Dar es Salaam, ufukweni. Ni zile sehemu mnazokuja na watoto wikiendi, mnapanda ngazi kwa ushujaa halafu mnashuka kwenye bomba la kuteleza mkiwaita mama zenu. Mimi ndo yule dada mwenye fulana nyekundu na filimbi shingoni, anayewakataza kukimbia kwenye sakafu yenye maji. Mkipumzika nyie, mimi niko kazini: Jumamosi, Jumapili, Idd, Pasaka, Sabasaba, zote. Ofu zangu ni Jumatatu na Jumanne, siku ambazo dunia nzima imevaa tai.

Mume wangu ni mtu wa benki. Mwaka 2022, tukiwa na ndoa ya miezi saba tu, akapewa uhamisho kwenda Mafinga. Mafinga hiyo hiyo ya mbao na baridi, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, karibu kilomita 600 kutoka Dar kwa barabara kuu ya kwenda Zambia. Vijana wengi wanaijua kwa sababu ya kambi ya JKT. Ukimwambia mtu umewahi kuishi Mafinga, swali la kwanza ni "Ulikuwa jeshini?"

Basi tukajipanga. Msimamizi wangu alikubali nikusanye ofu, nifanye kazi wiki tatu mfululizo halafu nipate siku sita za mpigo. Nikawa napanda basi saa 12 asubuhi. Mikumi nachungulia tembo dirishani, Ruaha Mbuyuni nanunua vitunguu, Kitonga nafumba macho kwenye zile kona, Ipogolo nauona mji wa Iringa umekaa juu ya mlima, na jioni nashuka Mafinga nikiwa na koti mkononi. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai mtoto wa Pwani kama mimi analala na soksi mbili na bado anatetemeka.

Mashosti wangu Dar walikuwa na maelezo yao. Eti naenda kumchunga mume. Mmoja aliponiona nimenunua darubini ya mtumba Kariakoo, alicheka mpaka akakaa chini: "Shosti, umefikia huko? Unamfumania kwa mbali?"

Darubini ilikuwa ya ndege

Tatizo la mpango wetu lilionekana siku ya pili tu. Nimesafiri siku nzima, nimefika, nimependeza, asubuhi mwenzangu anavaa shati anakwenda benki. Anarudi saa 12 jioni amechoka, anataka ugali na taarifa ya habari. Mimi mchana kutwa niko kwenye nyumba ya kupanga nisiyomjua jirani hata mmoja. Safari ya tatu tuligombana vibaya. Nilimwambia sikuja Mafinga kumfulia soksi. Akanijibu kwamba hata yeye hakuomba kuhamishwa. Sote tulikuwa na haki, na ugomvi wa hivyo ndo mgumu kuumaliza.

Kesho yake nikatoka kutembea kwa hasira. Nikafuata barabara ya vumbi inayotoka mjini, nikapita mashine za mbao na marundo ya magogo, mpaka nyumba zikaisha. Juu ya waya wa umeme alikuwepo ndege mmoja, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, ana mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi iliyochongwa saluni. Akashuka chini ghafla, akapanda na panzi, akamchomeka kwenye mwiba wa uzio. Nikasimama. Alishuka tena. Nilikaa pale karibu saa nzima namwangalia anavyopanga nyama yake kama muuza mishkaki.

Kiswahili chake ni mbwigu, japo sijakutana na mtu wa mjini anayelijua jina hilo. Wataalamu wengine wanamhesabu kuwa aina ya peke yake, anayepatikana kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na jina lake la Kiingereza limebeba neno Uhehe. Fikiria, nchi ya Wahehe iko kwenye vitabu vya ndege duniani kote, halafu sisi tunapita chini ya waya tunawaza bei ya mbao.

Kusema kweli, kuangalia ni kazi ninayoiweza. Kwenye bwawa tunafundishwa kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Wanaopiga kelele wako salama, wanacheza. Unatakiwa umtafute aliyenyamaza. Miaka sita nimelipwa mshahara kutafuta kitu kimoja kilichonyamaza katikati ya vurugu ya watu mia tatu. Kumbe ndege wa msituni hutafutwa vilevile. Ukifuata sauti na matawi yanayotikisika utaona wengi, lakini wale wa thamani wamekaa kimya kwenye kivuli, wanakuangalia wewe.

Kabla ya hapo, ndege niliyemjua ni kunguru tu. Pale kazini wanaiba chipsi mezani mchana kweupe. Ni wale wenye shingo ya kijivu, ambao wazee wao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea Pwani yote. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na mimi nilikuwa najua huyo mwizi.

Pa kwenda ukiwa na siku moja

Nikaanza kuzunguka. Kwanza utakutana na misindano. Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, lina eneo la zaidi ya hekta laki moja, na majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1939. Ni pazuri kwa picha za harusi, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Lakini ingia ndani usikilize. Kimya. Chini ni majani makavu ya misindano tu, hakuna tunda, hakuna maua, wadudu wachache. Unaweza kutembea nusu saa ukaona ndege wawili.

Ukitaka uhai, nenda kusini, njia ya Sawala na Kibao, kwenye mashamba ya chai. Chai ya Mufindi ilianza kupandwa miaka ya 1920, na katikati ya mashamba vimebaki vipande vya msitu wa asili vinavyoning'inia kwenye ukingo wa milima inayotazama bonde la Kilombero. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni, huoni hata mkono wako, unasikia matone tu na sauti nzito ya kulukulu. Ukungu ukifunguka unamwona: wa kijani, kishungi kirefu, jicho limezungushwa wekundu. Akiruka, mbawa zinawaka nyekundu kama taa za breki. Nilisoma kwamba wekundu ule ni rangi halisi yenye madini ya shaba ndani yake. Nilimwambia mume wangu, akasema, "Basi usiwaambie wauza vyuma chakavu."

Humo humo kuna kindege kidogo cha rangi ya udongo kinachorukaruka sakafuni mwa msitu, na jina lake la Kiingereza limebeba neno Iringa. Nilikitafuta mara nne. Mara ya tano kikanijia miguuni nikiwa nimekaa nafunga kamba ya kiatu.

Kwa wapenzi mnaotaka kukaa tu na chupa ya chai, Bwawa la Ngwazi ndo penyewe. Ni bwawa la kuchimbwa na watu kwenye eneo la chai, kuna mnandi wanaoanika mbawa zao kama nguo, vibisi wanaozama na kuibuka, na baridi ya kuwalazimisha mkae karibu. Sisi tulikwenda Jumapili moja ya bahati, mimi nimeiba ofu, yeye hana kanisa la mchana. Hapo ndo nilimhadithia habari za hondohondo wa misitu ya Udzungwa, jinsi jike linavyojifungia kwenye shimo la mti, linaziba mlango kwa udongo linabakiza ufa, na dume linalilisha kwenye ufa huo kwa miezi mitatu au zaidi. Akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa kati yetu nani yuko ndani ya shimo?" Tulicheka, lakini swali lilibaki hewani mpaka tulipofika nyumbani.

Nilitembea na daftari, naandika tarehe, mahali, idadi. Kumbukumbu za namna hiyo, za watu wa kawaida, ndizo zilizojenga mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania tangu miaka ya 1980. Vijijini wananisalimia "Kamwene," wananiangalia darubini, wanauliza kwa adabu kama mimi ni mpima ardhi. Swali hilo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ikaja kutugusa.

Eka sita

Kama una rafiki mwenye mshahara Dar, basi umeshasikia habari za shamba la miti Mufindi. Unanunua ardhi ya majani, unapanda misindano, miche kama 450 kwa eka ukiacha mita 3 kwa 3, unasafisha barabara za moto, unasubiri miaka kumi na kitu unavuna mbao. Mume wangu, mtu wa benki, alilipigia hesabu jambo hili mpaka likanukia. Katikati ya mwaka 2023 tukatoa akiba yetu ya miaka miwili, tukanunua eka sita kwenye kijiji kimoja kusini ya mji. Kilima cha nyasi tupu, chini kuna bondelowevu lenye chemchemi. Mpango ulikuwa kupanda mvua za Desemba na Januari. Hiyo ndo ilikuwa ada ya watoto wetu ambao hawajazaliwa, na ndo ilikuwa sababu yetu ya kuvumilia kukaa mbalimbali: miti ikikua, mmoja wetu ataacha kazi.

Novemba nikaenda kuliona shamba peke yangu, siku ya Jumanne. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na nyasi zimechipua. Nikamwona mbayuwayu akipita chini chini juu ya nyasi, mweusi. Sikushtuka, maana milimani kuna mbayuwayu weusi wa kawaida. Halafu akageuka juani, akawa buluu. Buluu yote, mwili mzima, inayong'aa kama suti ya bwana harusi, na mkia una nyuzi mbili ndefu nyembamba. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikarudi kitabuni, nikamtazama tena, nikarudi kitabuni. Alikuwa dume la mbayuwayu wa buluu. Baadaye kidogo jike likatokea, nyuzi fupi, mdomoni limebeba unyoya mweupe. Likaingia ardhini. Kabisa, likazama chini, kwenye shimo la zamani la muhanga, pembeni ya bonde letu.

Niwaeleze huyu ndege ni nani. Hutaga kwenye nyasi za milimani tu, kuanzia Afrika Kusini mpaka hapa kwetu, ndani ya mashimo ya muhanga na sehemu zilizotitia, na kiota chake hukitandika manyoya meupe. Anakuja kwetu kati ya Septemba na Oktoba, anaondoka karibu na Aprili, anakwenda kuishi pande za Ziwa Victoria, Uganda, magharibi ya Kenya na Kongo. Huwa na tabia ya kurudi eneo lilelile. Yuko kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, na moja ya sababu kubwa zinazommaliza ni nyasi kugeuzwa mashamba ya miti. Misindano. Kitu kilekile tulichokuwa tumeagiza miche yake.

Nilimwambia jioni, akiwa anakula. Hakuamini ninachotaka kusema mpaka niliposema.

"Unataka tuache kupanda kwa sababu ya ndege?"

"Sijasema tuache yote."

"Mke wangu, hao si wapo Kitulo? Serikali imewapa hifadhi nzima tangu 2005. Sisi tuna eka sita tu."

Hapo alikuwa na hoja. Kitulo wapo. Na hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: majirani pande zote wameshapanda au watapanda, ndege anayewinda wadudu juu ya nyasi anahitaji eneo pana, sasa kishamba chetu cha nyasi katikati ya miti kitamsaidia nini? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nilimwambia tu kwamba kuna jike linalea watoto ndani ya ile ardhi, na kwamba mimi kazi yangu ni kuangalia kitu kilichonyamaza kinazama na kupiga filimbi. Siwezi kujifanya sikukiona.

Siku mbili hatukusemeshana. Nikarudi Dar bila kuagwa vizuri. Basi lilipita Ifunda, Ipogolo, Kitonga, na mimi sikuangalia dirishani hata mara moja.

Wiki iliyofuata alikwenda shambani mwenyewe, Jumamosi baada ya kufunga benki. Hakuniambia. Baadaye niligundua alikaa kule mpaka giza. Jumapili usiku akanipigia, hakuomba msamaha wala nini, akaanza na hesabu, maana ndo lugha yake. Bonde na kipande cha kilima kinacholizunguka ni kama eka mbili na nusu. Hapo chini penyewe ni majimaji, miche mingi ingekufa. Zinabaki eka tatu na nusu za juu. Tukipanda hizo tu, tumepoteza zaidi ya miche elfu moja. "Ni hasara," akasema. "Nataka ujue kwamba ni hasara, na kwamba nimeikubali." Nililia kwenye simu kama mjinga, na dada wa chumba cha pili akaja kugonga mlango.

Tulipanda zile za juu Januari 2024. Nilikuwepo siku mbili, nikapanda kwa mikono yangu, maana sisi si malaika, tunataka pesa. Barabara ya moto tuliipitisha juu ya bonde. Tulimwomba mzee wa jirani asichome majani upande ule kabla ya Mei, akatusikiliza kwa upole, akasema, "Sawa, wanangu," kisha akauliza kama huyo ndege analiwa. Nyasi zinataka kuchomwa mara mojamoja, zisipochomwa vichaka vinaingia, kwa hiyo tulikubaliana moto uwe wakati wamekwenda zao. Aprili walikuwa hawapo. Shimo tupu, manyoya mawili meupe mlangoni.

Nikajiandaa kwamba ndo basi. Majirani wa mashariki walishapanda yote, na wa kaskazini alikuwa ameweka alama.

Oktoba mwaka huohuo, Jumapili, bustani ilikuwa imefurika, kulikuwa na sherehe mbili za watoto kwa pamoja. Zamuni hatushiki simu. Saa 9 alasiri nikapokewa nafasi, nikafungua kabati, nikakuta simu tano za mume wangu ambazo hazikupokelewa. Mwanamke mwenye mume mbali anajua moyo unavyofanya hapo. Niliwaza ajali, nikawaza mama mkwe. Nikampigia vidole vinateleza kwa maji.

"Niko shambani," akasema, ananong'ona.

"Mbona unanong'ona? Kuna nini?"

"Wapo. Wawili. Dume lina zile nyuzi za mkia, nimezihesabu. Jike limeingia shimoni mara tatu."

"Una uhakika si wale weusi wa kawaida?"

"Nimesubiri jua litoke, kama unavyofanya wewe. Nimesimama mbali, usiwe na wasiwasi." Kikapita kimya, nikasikia upepo wa Mafinga ndani ya simu. Nyuma yangu watoto walikuwa wanashuka kwenye bomba wakipiga kelele, salama wote. "Ofu yako inaanza lini?"

"Jumanne."

"Jumatano nimeomba ruhusa kazini," akasema. "Njoo na darubini, hii yangu ya macho imechoka."